Nataka Kwenda Paje na Kompyuta Yangu

Mbukwenyi wasomaji. Mwezi huu barua zenu nyingi zinahusu jambo moja: kazi za mtandaoni na mahali pa kuzifanyia. Nadhani ni kwa sababu toleo lililopita niliwagusia kwamba nimewahi kufanya kazi misimu miwili ya kusi nikiwa mgahawani Paje, kusini mashariki mwa Unguja. Kwa wasionifahamu, mimi ni mfasiri, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, na wanaonipa kazi wengi wao sijawahi kuwaona kwa macho. Naanza na barua ya kijana wa Ipagala, na nitakaa nayo muda mrefu.

*Shikamoo dada. Nina miaka 27. Tangu mwaka jana natunza hesabu za kampuni ndogo ya London, kazi yote ni ya kompyuta. Nilipopanga, chumba kina joto na jirani ana mashine ya kusaga. Nimeona picha za watu wanafanya kazi Paje, kompyuta mezani, bahari mbele, tiara angani. Nataka kwenda Juni hadi Agosti, niwe nafanyia kazi mgahawani. Rafiki zangu wanasema nitafukuzwa kazi. Wewe uliwezaje?*
*– Kijana wa Ipagala*

Marahaba, mdogo wangu. Nenda. Nimetanguliza jibu ili usisome yote haya roho ikiwa juu. Ila picha ulizoziona zilipigwa kwa dakika moja, na wewe unakwenda kukaa siku tisini.

Safari yenyewe siku hizi ni nyepesi. Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma Julai 2024, Dar es Salaam ni mwendo wa saa nne hivi. Kutoka stesheni hadi boti za Unguja si mbali, boti ni kama saa mbili, na kutoka mjini hadi Paje ni kilomita 50 hivi kwa daladala. Ukiondoka alfajiri unalala Paje siku hiyo hiyo.

Jambo ambalo mimi hakuna aliyeniambia ni kwamba Paje inakwenda kwa mwezi. Sisi tuliokulia bara mwezi tunautazama kwa ajili ya mfungo na sikukuu, basi. Kule, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanakuwa ya bamvua: yanakupwa mpaka bahari inabaki mstari mweupe huko mwambani, na unatembea kwa miguu mahali ambapo jioni yake mtu anaogelea. Kati ya bamvua na bamvua kuna maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Na kila siku maji yanachelewa dakika hamsini hivi kuliko jana yake. Siku za bamvua yanakupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni.

Utaniuliza hayo yanahusu nini hesabu za London. Yanahusu sana. Wageni wengi wa Paje wanafuata kaiti, ule mchezo wa kusimama juu ya ubao ukivutwa na tiara kubwa. Upepo wa kusi wanao, unavuma tangu Juni hivi hadi Septemba. Lakini maji yakikupwa sana, wengi wao wanakunja tiara, wanapanda juu na kujaa mgahawani, kila mmoja na simu yake, wakituma video za asubuhi. Intaneti inakufa hapo hapo. Wiki ya kwanza nililaumu mitambo. Wiki ya pili mama mwenye mgahawa akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya mlango wa jiko, akanionyesha karatasi ya maji kupwa na kujaa, imebanduka pembe moja na ina madoa ya mafuta. Akaniambia, "Kazi zako nzito zitume maji yakijaa, watu wote wako baharini." Niliipiga picha karatasi ile. Tangu siku hiyo mafaili makubwa niliyapandisha jioni za bamvua, mgahawa ukiwa mtupu, na sikuwahi kukwama tena kwa sababu hiyo.

Sasa kuhusu meza. Hapa ndipo watu wengi wanakosea, na ndipo ningependa unisikilize kuliko mahali pengine pote. Meza ile ina mwenyewe. Ana kodi, ana bili ya umeme, ana wasichana wawili jikoni wanaosubiri mshahara. Mgeni anayefungua kompyuta saa tatu asubuhi na kuifunga magharibi kwa kikombe kimoja cha kahawa amekaa juu ya mkate wa mtu. Siku yangu ya kwanza sikufungua kompyuta kabisa. Nilikunywa chai, nikala chapati, kisha nikamwambia yule mama: kazi yangu ni ya kompyuta, nitakuja kila siku kwa miezi mitatu, nikae wapi nisikuharibie biashara? Alinitazama kidogo, akaniweka meza ya kona karibu na soketi ya friji ya soda. Tukapatana. Chai ya asubuhi kwake, chakula cha mchana kwake, na saa saba mpaka saa nane na nusu naondoka mezani, maana ndio muda wa wateja wa kula. Muda huo nilihamia barazani nyuma, wanakokuna nazi. Msimu wa pili nilipofika na boksi la zabibu kutoka Hombolo, nilikuta ile meza ya kona imewekwa kitambaa kipya na waya wa umeme umevutwa kwa ajili yangu.

Kwa hiyo fanya mapatano kabla hujafanya kazi. Sema siku, sema saa, sema utanunua nini. Wala usiombe simu za video ukumbini. Kusi linaingia kwenye maikrofoni, na watu wa London watadhani uko ndani ya tufani. Mimi nilipewa stoo ya mchele, nikakaa juu ya gunia, sauti ikawa safi kuliko ya studio.

Nyumba ya kulala nayo usiichukue kwa maneno. Msimu wa kwanza nilifikia nyumba ya wageni, silitaji jina, walionihakikishia kwa simu kwamba intaneti ipo usiku na mchana. Kumbe kifaa kimoja tu, kipo mapokezi, na mlinzi anakizima saa nne usiku. Nilikuwa na tafsiri ya kurasa arobaini ya kuwasilisha usiku ule. Bando langu likaisha saa tano, maduka yamefungwa, kwenye simu hakuna salio. Mteja wangu wa miaka mitatu alisubiri hadi asubuhi, akampa mwingine. Bado inaniuma. Wewe mwambie mwenye nyumba apime kasi ya intaneti saa mbili usiku, akiwa ndani ya chumba hicho hicho utakacholala, akutumie picha ya kipimo. Asiyetaka kupima amekujibu. Na msimu wa kusi vyumba vya ufukweni vina bei kali. Vuka barabara, ingia upande wa kijijini, utapata chumba kwenye nyumba ya familia. Luku yao inaitwa Tukuza, usije ukahangaika dukani.

Umeme wa Unguja unatoka huku kwetu bara, unapita kwenye waya chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Mwaka 2008 waya ule uliharibika, kisiwa kikakaa takriban mwezi mzima bila umeme, na mwishoni mwa 2009 ukaharibika tena, giza likaenda kama miezi mitatu. Tangu 2013 kuna waya mwingine mkubwa zaidi, hali si ile tena, lakini kukatika kwa saa mbili tatu kupo. Uwe na pawabenki inayoweza kuchaji kompyuta, siyo simu tu, na uulize kama mgahawa una jenereta.

Laini za simu nenda nazo mbili, za kampuni mbili tofauti. Saa moja ya simu ya video inakula takriban GB moja, ukiweka picha nzuri inazidi, kwa hiyo hesabu bando lako kwa saa za vikao kwanza. Ila laini mbili hazikuokoi kila mara. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikalemaa. Mimi nilikuwa hapa hapa Nkuhungu, mamia ya kilomita kutoka baharini, na laini zangu zote mbili zikalala. Nilichofanya ni kupiga simu ya kawaida, ya dakika tatu, nikamwambia mteja kilichotokea na lini atapata kazi yake. Gharama ilikuwa kubwa, lakini mteja yule ninaye mpaka leo. Wewe andika namba ya simu ya bosi wako kwenye karatasi, uiweke kwenye pochi.

Saa zako za kazi zinakubeba vizuri. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba London iko nyuma yetu kwa saa mbili, kwa hiyo tisa kamili yao asubuhi ni saa tano yako, na wanafunga saa moja yako usiku. Asubuhi yote ni yako. Usiimalizie kitandani. Siku za bamvua shuka ufukweni saa tatu uone kinamama wa mwani. Kilimo hicho Paje na Jambiani kimekuwepo tangu 1989. Wanafuata maji yanavyorudi nyuma, wanainama kwenye vigingi na kamba, wanafunga mbegu moja moja, kisha wanarudi na viroba vinavyochuruzika maji mgongoni. Mmoja alikuwa akipumzika kwenye ngazi ya mgahawa wetu. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji, vyeupe kwenye ncha, na huku tunaongea alifunga mafundo kumi na zaidi bila kuyatazama. Akaniuliza kazi yangu inakwisha saa ngapi. Nikamwambia haina saa. Akasema, "Mimi bahari ikirudi inanitoa." Tangu hapo nimejiwekea bahari yangu: saa moja na nusu usiku kompyuta inafungwa, hata sentensi iwe katikati.

Kompyuta ilinde. Sisi Dodoma tumezoea upepo wenye vumbi, wao upepo wao una chumvi, na chumvi ni mbaya zaidi. Mchanga wa Paje ni laini kama unga wa ngano, unaingia chini ya vitufe na kwenye feni. Tundu la chaji la kompyuta yangu liliota kutu ya kijani kabla ya mwezi wa pili. Fundi wa mjini alilisafisha kwa mswaki na spiriti akanigombeza kama mtoto. Tangu hapo naifunga kwa kanga kavu kila nikimaliza, siiachi mezani hata nikienda kunawa, na ufukweni haishuki kamwe.

La mwisho kwako ni adabu ya pale. Paje ni kijiji cha watu, kina misikiti, madrasa, wazee barazani. Ukitoka ufukweni vaa shati. Toa salamu kwanza ndipo uulize bei. Ukiwahi kwenda Ramadhani, jua migahawa mingi ya kijijini mchana imefungwa, na hata kama hufungi, usile hadharani. Mwenye nyumba akikwambia twende kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa pale mtaani, ukajulikane, nenda kwa moyo mmoja, na kitambulisho chako cha taifa mkononi.

*Habari za kazi mwanangu. Binti yangu ana miaka 24, yuko Dodoma mjini, anaandika matangazo ya kampuni kwenye mtandao. Sasa ananiambia anakwenda Unguja miezi miwili, atakuwa anafanya kazi ufukweni. Mimi ni mkulima wa alizeti. Naomba uniambie ukweli: kazi gani inafanyika ufukweni? Majirani wameshaanza kusema.*
*– Mama, Kondoa*

Shikamoo mama yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, maana mama yangu mzazi aliniuliza swali hilo hilo kwa maneno karibu hayo hayo.

Kazi ipo, mama, na ni kazi kweli. Anayoyaandika hapo mjini atayaandika kule, mwajiri wake haoni tofauti mradi yamefika kwa wakati. Ila wewe si mwajiri wake, una haki ya kujua zaidi. Mwombe akuonyeshe mkataba wake, akusomee kwa sauti, mshahara unatoka wapi na kwa njia gani. Kama kazi ni ya halali hataona tabu, na wewe utakuwa na la kumjibu jirani. Kisha umwulize jina la mwenyeji wake na namba yake ya simu, na umpigie wewe mwenyewe kabla binti hajapanda treni. Yule mama wa mgahawa na mama yangu walizungumza kwa simu dakika kumi, wakaulizana habari za watoto na mvua. Baada ya hapo mama yangu hakuniuliza tena kuhusu ufukwe. Akawa ananiuliza habari za mwenzake.

Mwambie asichukue chumba cha peke yake mahali pasipo na familia, na usiku asipite ufukweni peke yake. Hayo namwambia kila msichana na kila mvulana. Nanyi pangianeni saa ya kupigiana simu kila siku. Sisi ilikuwa baada ya magharibi.

Kuhusu majirani, mama, mimi nina miaka kumi na moja katika kazi hii na hapa Nkuhungu bado wapo wanaoamini sina kazi, kwa sababu asubuhi hawanioni nikipanda daladala. Nimesomesha wadogo zangu wawili kwa kompyuta hii.

*Dada, nina mgahawa mdogo karibu na Nyerere Square. Vijana wanakuja na kompyuta, wanne meza moja, wanaagiza soda moja moja saa tatu asubuhi, wanaondoka saa kumi. Intaneti yangu, umeme wangu, viti vyangu. Nikiwafukuza wananitangaza vibaya. Nifanyeje?*
*– Mwenye mgahawa, Dodoma*

Pole sana. Uko upande wa pili wa meza ile niliyoisema juu, na nakuunga mkono bila kusita. Vijana wanaosoma hapa wajue: kukaa saa saba kwa soda moja ni kumnyima mtu riziki yake, hata kama amekunyamazia.

Usiwafukuze, zungumza nao. Wengi hawajui kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia. Yule mama wa Paje hakuwa na bango lolote ukutani, alikuwa anapita meza kwa meza mwenyewe. Soketi aliacha meza mbili tu, za ukutani, na anayetaka soketi alijua kwamba saa saba anapisha. Neno la siri la intaneti aliliandika kwenye risiti, likafanya kazi kwa muda wa saa mbili tu. Ukitaka lingine, agiza kitu kingine, hata kama ni chapati ya kufunga upeleke nyumbani. Hakuna aliyenung'unika, maana sheria ilikuwa moja kwa wote, mzungu na mswahili. Fundi aliyekufungia intaneti anaweza kukuwekea utaratibu huo.

Tena nakushauri jambo ambalo yeye hakulifanya. Saa tatu hadi saa sita mgahawa wako, nina hakika, viti vingi vinakaa wazi. Uza kiti hicho. Weka bei moja ya asubuhi: chai, vitafunwa viwili, soketi na intaneti mpaka saa sita na nusu. Mimi nitakuwa mteja wako wa kwanza, maana umeme wa mtaani kwangu una tabia zake. Ila tafadhali usipige muziki mkubwa kabla ya saa sita.

*Dada nimekosa usaili wa kazi! Waliniandikia "3:00", nikaingia saa tatu asubuhi, hakuna mtu. Kumbe walimaanisha alasiri. Niliwaomba radhi hawajajibu. Nitafanyaje isitokee tena?*
*– Manyoni*

Pole mdogo wangu, limetukuta wengi, hata mimi. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, wao tangu usiku wa manane. Ukipewa saa na mtu wa nje, usiijibu kwa "sawa". Mwandikie tena kwa tarakimu za saa 24 na jina la mji: "15:00 saa za Dodoma, ambayo ni 13:00 saa za London, Jumanne tarehe fulani. Ni sahihi?" Subiri akujibu ndiyo. Mwisho wa Oktoba na mwisho wa Machi Uingereza wanabadilisha saa zao, sisi hatubadilishi, kwa hiyo wiki hizo mbili uliza upya hata kama mlishapatana.

Na wale wa usaili, waandikie mara moja zaidi, mistari mitatu tu. Waeleze jinsi tunavyohesabu saa kwa Kiswahili, uwape siku mbili unazoweza kufika. Umeandika lini mara ya kwanza? Kama wiki haijaisha, andika leo.